Nyimbo za mwaka 1956: nianze na zipi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa enzi hizi za kusikiliza muziki kwenye simu, lakini nyimbo za zamani za Marekani zinanivutia sana. Kila ninaposoma habari zake naona mwaka 1956 ukitajwa kuwa ndio uliogeuza muziki. Je, ni kweli, au ni sifa tu za wazee kwa ujana wao? Na kama nataka kusikiliza nyimbo chache tu za mwaka huo, nianze na zipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ni kweli, wazee hawakudanganyi. Ila hadithi yenyewe mara nyingi husimuliwa vibaya: eti Elvis Presley alitokea na gitaa lake, rokenroli ikaingia, na waimbaji wa suti na tai wakafungasha virago. Ukizisikiliza rekodi za mwaka ule, za wasanii wengi na si wa mmoja, unakuta mambo hayakwenda hivyo. Muziki wa zamani haukufa mwaka 1956. Ulikuwa kileleni. Kilichopata nyufa ni kuta zilizokuwa zikiwatenga wasikilizaji, na vibao ninavyovipenda zaidi vya mwaka huo ni vile vilivyopenya kwenye nyufa hizo.

Chukua wiki moja tu ya Januari. Jumanne tarehe 10, Presley, ambaye alikuwa ametimiza miaka 21 siku mbili kabla, aliingia studio mjini Nashville kurekodi kwa mara ya kwanza chini ya RCA, kampuni kubwa iliyokuwa imetoa dola 35,000 kumnunua kutoka Sun, kampuni ndogo ya Memphis. Siku hiyo alirekodi "Heartbreak Hotel", wimbo wa Mae Boren Axton na Tommy Durden, uliotokana na habari ya gazetini ya mtu aliyejiua. Usikilize kwa makini uone ala zilivyo chache. Kuna mahali sauti inabaki na besi tu, piano inadondosha noti mbili tatu, gitaa linakata ghafla na kunyamaza. Mwimbaji anasikika kama yuko peke yake ndani ya jengo lililohamwa. Mwangwi ule waliupata kwa kupeleka sauti kwenye spika iliyowekwa koridoni na kuinasa tena kwa maikrofoni. Wakubwa wa RCA huko New York walipoletewa rekodi hawakuipenda hata kidogo. Miezi michache baadaye ilikuwa namba moja nchi nzima.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo, tarehe 12, Frank Sinatra, mwenye miaka 40, alikuwa Los Angeles na bendi kubwa akirekodi "I've Got You Under My Skin", wimbo wa Cole Porter ambao tayari ulikuwa na umri wa miaka 20. Mpangaji wa muziki alikuwa Nelson Riddle. Ukitaka kujua kazi ya mpangaji ni nini, nakuomba usikilize kipande cha katikati, pale Sinatra anaponyamaza. Ala zinarudia mdundo mmoja, zinaongezwa moja baada ya nyingine, zinapanda na kupanda mpaka unajiuliza zitaishia wapi, halafu tromboni ya Milt Bernhart inapasua. Walirudia wimbo ule mara 22 usiku huo. Bernhart alilazimika kusimama juu ya kisanduku ili tromboni yake iifikie maikrofoni iliyokuwa imening'inizwa juu. Kisha Sinatra anarudi kuimba kwa utulivu kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwangu mimi hakuna rekodi ya bendi kubwa na mwimbaji inayoipita hiyo, na ilitengenezwa siku mbili baada ya "Heartbreak Hotel". Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba 1956 jipya lilikuja kwa sababu la zamani lilikuwa limechoka, mwekee rekodi hizo mbili kwa kufuatana.

Sasa tuje kwenye kuta. Gazeti la biashara ya muziki la Billboard lilikuwa na orodha tatu za vibao. Moja ya pop, yaani nyimbo za soko kubwa la Wazungu wa mijini. Moja ya ridhimu na bluzi, yaani muziki wa Weusi. Moja ya kantri, muziki wa Wazungu wa vijijini, hasa Kusini. Hazikuwa orodha za mitindo tu. Kila moja ilikuwa na redio zake, maduka yake, jukiboksi zake (mashine za kupiga santuri kwa sarafu) na kumbi zake, katika nchi ambayo sheria za majimbo ya Kusini zilimkataza Mweusi kuketi alipoketi Mzungu. Mwaka huo wote, hadi Desemba, Weusi wa Montgomery, Alabama, walikuwa wakitembea kwa miguu kwenda kazini kwa sababu walikuwa wamesusia mabasi. Na tarehe 10 Aprili, katika mji wa Birmingham wa jimbo hilohilo, Nat King Cole, mwimbaji mpole kuliko wote, alivamiwa jukwaani na wanaume Wazungu akiwa katikati ya wimbo, mbele ya watazamaji Wazungu watupu. Kumbuka hilo unaposikia mtu akisema nyimbo hizi zilikuwa burudani nyepesi za vijana.

Kwa kawaida wimbo wa msanii Mweusi ulivuka kwenda soko la pop kwa njia moja: mwimbaji Mzungu aliurekodi upya, akaulainisha, akauza yeye. Little Richard alikuwa ametendewa hivyo. "Tutti Frutti" yake ilikuwa ikipanda vizuri, Pat Boone, mwimbaji Mzungu, akatoa yake, na ile ya Boone ikafika juu zaidi kwenye orodha ya pop. Basi Februari 1956, New Orleans, katika studio ya Cosimo Matassa, Richard na mtayarishaji wake Robert Blackwell waliamua wimbo unaofuata uende kasi ambayo ulimi wa Boone hautaiweza. Ndio "Long Tall Sally". Maneno yanamwagika bila nafasi ya kuvuta pumzi, Earl Palmer anazipiga ngoma kama anafukuzwa, na saksafoni inaingia juu ya ukelele. Boone aliurekodi vilevile, na akafika kumi bora. Lakini safari hii Richard alimpita: namba 6 kwenye pop, naye Boone namba 8. Tofauti ya nafasi mbili ni ndogo kwenye karatasi, lakini ina maana kwamba vijana Wazungu walikwenda dukani, wakaziona santuri zote mbili, wengi wao wakachagua ya mwenyewe. Kama ningeambiwa nitaje wimbo mmoja unaoonyesha ukuta ukipata ufa, ningetaja huo.

Ukipenda, zisikilize hizo mbili mfululizo, ya Richard kwanza. Simchukii Boone, ana sauti nzuri, na anaimba kila neno kwa usafi. Tatizo ni kwamba wimbo wenyewe hauhitaji usafi.

Usichukulie kila wimbo uliovuka kuwa wizi mtupu, maana "Hound Dog" ina mambo mengi zaidi ya hapo. Jerry Leiber na Mike Stoller, vijana wawili Wayahudi wa Los Angeles wasiozidi miaka 20, waliuandika mwaka 1952 kwa ajili ya Big Mama Thornton, mwanamke Mweusi mwenye sauti nzito. Kwake ni wimbo wa mwanamke aliyechoka kumlisha mwanamume asiye na kazi wala haya, na anamtimua. Ulishika namba moja ya ridhimu na bluzi mwaka 1953. Presley aliujua wimbo huo, lakini alivyouimba yeye alijifunza kwa bendi ya Freddie Bell mjini Las Vegas, iliyoubadilisha maneno ukawa mzaha kuhusu mbwa asiyekamata hata sungura. Tarehe 2 Julai alikaa studio New York akiurudia zaidi ya mara 30, yeye mwenyewe akiamua lini uko tayari. Matokeo yake ni wimbo mwingine kabisa: mkali, wa haraka, ngoma zikipasuka kama risasi. Mimi ya Thornton naipenda zaidi, kwa sababu ndani yake kuna mtu halisi anayegombana na mtu halisi. Lakini ya Presley ina nguvu yake, na huna sababu ya kuchagua moja.

Upande wa pili wa santuri ileile kulikuwa na "Don't Be Cruel", na huo kwangu ndio bora kati ya pande zote mbili. Mtunzi wake ni Otis Blackwell, Mweusi wa Brooklyn, ambaye hana uhusiano na yule Robert Blackwell wa "Long Tall Sally". Aliuza tungo zake kwa dola 25 kila mmoja, na ili huu urekodiwe ilimbidi akubali jina la Presley liandikwe pamoja na lake kama mtunzi. Hata hivyo kipaji chake kimejaa kila mahali mle, kuanzia ile besi inayochekacheka hadi maneno yanayokatwa nusunusu. Santuri hiyo ilikaa namba moja kwa wiki 11, na ilishika kilele cha orodha zote tatu, pop, kantri na ridhimu na bluzi. Masoko matatu yaliyotenganishwa kwa rangi na kwa mahali yalinunua kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Presley hakuwa wa kwanza kugusa pande tatu mwaka huo. Carl Perkins, mtoto wa wakulima wa pamba wa Tennessee, alitoa "Blue Suede Shoes" siku ya mwaka mpya kupitia Sun, na ikapanda kwenye orodha zote tatu kwa pamoja. Mwezi Machi, akiwa njiani kwenda New York kuonekana kwenye televisheni, alipata ajali mbaya ya gari. Alilala hospitali wakati wimbo wake ukiwa juu kabisa. Sikiliza yake kabla ya ile ya Presley. Gitaa ni lake mwenyewe, na mwendo wake una ulegevu wa kupendeza ambao Presley aliubadilisha kuwa mbio.

Katika studio hiyohiyo ya Sun, tarehe 2 Aprili, Johnny Cash alirekodi "I Walk the Line". Huu ndio wimbo wangu wa mwaka, kwa hiyo nivumilie nikae nao kidogo. Walikuwa watu watatu tu: Cash, Luther Perkins kwenye gitaa la umeme, Marshall Grant kwenye besi. Mpiga ngoma hawakuwa naye. Cash alichukua kipande cha karatasi akakipitisha kati ya nyuzi za gitaa lake, na ule mkwaruzo unaousikia kama ngoma ndogo ya bendi ndio huo, karatasi na nyuzi. Kati ya ubeti na ubeti utamsikia akiguna kwa sauti ya chini. Wengi hudhani ni madoido. Wimbo unabadilisha ufunguo kila ubeti, na yeye alikuwa akitafuta noti ya kuanzia. Aliguna ili asipotee. Ubeti wa mwisho ameushusha oktava nzima chini ya ubeti wa kwanza, na hapo sauti yake inafika mahali ambapo waimbaji wengi wa kiume hawafiki. Alikuwa amefikiria wimbo wa polepole; Sam Phillips, mwenye Sun, ndiye aliyemsihi auharakishe. Phillips alikuwa sahihi. Ukienda polepole ungekuwa kiapo cha mtu aliyeshinda vishawishi, lakini kwa mwendo ule unakuwa kiapo cha mtu ambaye bado anapambana navyo. Ulishika namba moja ya kantri na kuingia ishirini bora za pop.

Fats Domino wa New Orleans alipenya kwa njia nyingine: alichukua wimbo wa Wazungu akaupeleka kwake. "Blueberry Hill" ulikuwa wa mwaka 1940, na Glenn Miller, kiongozi wa bendi Mzungu, alikuwa ameshatamba nao. Mtayarishaji wa Domino, Dave Bartholomew, aliona umeshaimbwa vya kutosha. Waliurekodi Los Angeles na hawakufanikiwa kuuimba wote bila kukatika, kwa hiyo fundi wa sauti alikata kanda na kuunganisha vipande mpaka wimbo ukakamilika. Jaribu kuutafuta mshono. Mimi sijawahi kuusikia. Kinachosikika ni mkono wa kulia wa Domino ukigonga noti tatu tatu kwenye piano, na sauti yenye tabasamu. Ulifika namba 2 ya pop, na watu wengi leo hawajui kama uliwahi kuwa wa mtu mwingine.

Kwa nini yote haya yakatokea wakati huo? Sababu ziko kadhaa lakini mimi naiweka mbele santuri yenyewe. RCA ilileta santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika mwaka 1949. Zile za mizunguko 78 zilikuwa nzito na zilivunjika ukizidondosha, ilhali hizi mpya zilikuwa nyepesi, hazipasuki kirahisi, na kijana aliweza kununua moja kwa fedha yake ya mfukoni bila kumwomba baba. Mwishoni mwa 1954 zikaja redio ndogo za transista, na kijana akaweza kusikiliza stesheni ambayo wazazi wake wasingeiwasha sebuleni. Mawimbi ya redio hayakujua sheria za mabasi. Televisheni ikamalizia: Presley alipotokea kwenye kipindi cha Ed Sullivan tarehe 9 Septemba, inakadiriwa watu milioni 60 walitazama.

Makundi ya waimbaji usiyaruke. The Platters waliongoza orodha ya pop mara mbili mwaka huo, kwa "The Great Pretender" na "My Prayer", na sauti ya Tony Williams kwenye noti za juu bado inanisimamisha nywele. Frankie Lymon alikuwa na miaka 13 alipotamba na "Why Do Fools Fall in Love". Furaha iliyomo mle ni ya mtoto kweli. Yaliyofuata hayakuwa ya furaha. Yeye alifariki mwaka 1968 akiwa na miaka 25, na wenzake wawili, Herman Santiago na Jimmy Merchant, walipigania mahakamani watambuliwe kuwa watunzi. Walishinda mbele ya baraza la wazee wa mahakama mwaka 1992, kisha rufaa ikasema walichelewa kudai. Nao The Five Satins walirekodi "In the Still of the Nite" kwenye chumba cha chini cha jengo la kanisa mjini New Haven, na sauti ya chumba kile imo ndani ya rekodi: imefunikwa, ya mbali kidogo. Studio ya kifahari ingeiharibu.

Doris Day na "Que Sera, Sera" utawasikia tu hata usipotafuta. Harry Belafonte je? Yeye alivuka ukuta kwa kutumia nyimbo za Karibi, na albamu yake ya "Calypso" ilikaa kileleni kwa wiki 31. "Day-O" mle ndani ni wimbo wa wapakia ndizi wa bandarini Jamaika, waliofanya kazi usiku kucha wakingoja karani aje kuhesabu mikungu ili warudi nyumbani. Usikilize kama wimbo wa kazi na utaona kwamba hauchekeshi kama watu wanavyoufanya.

Kwa hiyo, mwanangu, fuata mpangilio huu. Siku ya kwanza "Heartbreak Hotel" na ule wa Sinatra, bila kitu kingine. Halafu "Long Tall Sally" zote mbili, "Hound Dog" zote mbili, na "Don't Be Cruel". Kisha Perkins, Cash na Domino, na mwisho makundi na Belafonte.

Uwe mwangalifu na jambo moja unapotafuta. Wasanii wengi hawa walirekodi upya nyimbo zao miaka ya baadaye walipohama kampuni. Little Richard alifanya hivyo kwa Vee-Jay mwaka 1964, Chuck Berry kwa Mercury miaka hiyohiyo ya sitini, na rekodi hizo huuzwa leo zikiwa na majina na picha zilezile za zamani. Angalia mwaka wa kurekodiwa na kampuni: Richard awe wa Specialty, Berry wa Chess, Cash na Perkins wa Sun, Domino wa Imperial. Na ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua mono, yaani sauti ya mkondo mmoja. Santuri ndogo za mwaka ule zilitengenezwa kwa mono, na nyingi za zile zilizobandikwa neno stereo baadaye zilitanuliwa kwa mashine, kwa hiyo besi inapwaya na sauti ya mwimbaji inaelea.

Ukishazimaliza hizo, mtafute Little Willie John na "Fever". Alikuwa na miaka 18 alipoirekodi mwaka huohuo wa 1956, na mmoja wa watunzi wake ni Otis Blackwell yuleyule, safari hii akitumia jina la John Davenport. Pengine unaijua kwa sauti ya Peggy Lee, ambaye aliiimba miaka miwili baadaye. Ya John ina saksafoni nzito nyuma na sauti inayotetemeka kweli, na hiyo ndiyo ilishika namba moja ya ridhimu na bluzi.